Gari la mzee: niendeshe au nifunike tu?

SWALI: Anko fundi, mzee aliniachia MGB (kagari ka michezo ka Kiingereza) ya 1972, kila nikiitoa roho juu isije ikakwaruzwa, wife anasema ama niendeshe ama niuze. Nifanyeje?

JIBU: Endesha bana! Gari likikaa tu ndo linakufa, sili (mipira ya kuzuia kuvuja) zinakauka, petroli inachacha, mafuta ya breki yananyonya maji. Litoe mpaka injini ipate moto kabisa, sio unawasha dakika 5 alafu unazima, hiyo ndo inaozesha egzosi. Tairi zikizidi miaka 10 badili hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo. Mkwaruzo ni rangi tu, na MGB zilitengenezwa kibao 1962 hadi 1980, spea zipo. Ila kama bodi la chini limeliwa na kutu, hapo shemeji ana pointi.