Afande Akija Shuleni Baada ya Vipindi, Muulize Haya Kwanza

Shule ya mwanao ikitangaza kwamba polisi wataanza kufundisha stadi za maisha baada ya masomo, usikimbilie kukataa. Usitie saini pia kwa sababu tu jambo lenyewe linasikika jema. Mimi ni mwalimu, nimesimamia vipindi vya aina hii pamoja na askari wa kila tabia, na naviamini. Ndiyo maana nataka viendeshwe vizuri.

Saa zenyewe zina uzito wake. Nchini Marekani, ambako programu hizi zina historia ndefu, takwimu za polisi zimeonyesha kwamba siku za shule ukatili wa vijana hupanda kengele ya mwisho inapolia, kuanzia kama saa tisa alasiri, wazazi wakiwa bado kazini. Na mtoto wa miaka 11 hadi 14 yuko katika umri ambao neno la rafiki linaanza kulishinda la mama.

Swali la kwanza ni hili: afande atafundisha kwa njia gani? Programu ya D.A.R.E. ilianza Los Angeles mwaka 1983. Askari mwenye sare alisimama mbele ya darasa akaeleza hatari za dawa za kulevya. Ilipendwa, ikaenea nchi nzima, lakini tafiti moja baada ya nyingine zilikuta kwamba waliofundishwa na wasiofundishwa hawakutofautiana kwa kiasi cha kutajika katika kutumia dawa hizo. Kutisha ni kubaya zaidi. Zile ziara za gerezani zinazoitwa Scared Straight, ambapo wafungwa huwakaripia watoto ili waogope, zilipopimwa zilionekana kuongeza makosa. Ukiona ziara kama hiyo kwenye ratiba, mtoe mwanao. Hapo sina la kujadili.

Kinachofaa ni mazoezi. G.R.E.A.T., programu nyingine ya Marekani inayofundishwa na polisi shuleni, iliyoanza Phoenix, Arizona, mwaka 1991 ili kuwakinga watoto na magenge, iliandikwa upya baada ya tathmini ya awali kutoridhisha. Toleo jipya lina vipindi 13 ambamo watoto wanafanya stadi zenyewe badala ya kusikiliza tu. Lilipopimwa, uwezekano wa kujiunga na genge ulikuwa umepungua kwa asilimia 39 baada ya mwaka mmoja, na asilimia 24 katika miaka minne. Makosa ya ukatili hayakuonyesha kupungua kwa kiasi cha kutajika, na ni haki wazazi waambiwe hilo pia.

Mazoezi yanakuwaje? Karibu kila mtoto anajua kusema hapana. Asichojua ni kusema hapana na kesho yake akabaki na marafiki. Kwa hiyo tunaigiza: kaka wa mtaani anakuomba umtunzie begi, hasemi lina nini. Afande anakuwa yule kaka. Anabembeleza, anacheka, anakwita mwoga, anakukumbusha fadhila alizokufanyia. Mara ya kwanza watoto wengi hukubali. Tunarudia mpaka mtoto apate maneno yake mwenyewe, kwa sababu maneno ya kukaririshwa hayatoki mdomoni siku ya siku. Hapa askari ana kitu ambacho mimi sina, kwa kuwa ameona mambo haya yanavyoanza na yanavyoishia. Askari bora niliyefanya naye kazi alizungumza kidogo sana. Mtoto akieleza ugomvi, yeye aliuliza tu, “Halafu?” na kungoja.

Uliza pia nani amesajiliwa. Shule hupenda kupeleka wale wakorofi peke yao, ila utafiti wa mwanasaikolojia Dishion na wenzake wa mwaka 1999 ulionya kwamba kukusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja kunaweza kuwafanya wafundishane mabaya. Kundi lichanganywe.

Kisha kuna jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Afande akivua kofia bado ni polisi. Siku ya kwanza kabisa awaambie watoto waziwazi ni mambo gani akiyasikia atalazimika kuyaripoti. Asiwaulize nani anauza nini mtaani, wala kaka zao wako wapi. Mwalimu au mshauri wa shule awepo chumbani muda wote, na orodha ya mahudhurio ibaki shuleni. Mtoto akigundua siku moja kwamba alichosimulia kwa uaminifu kimemletea polisi nyumbani, hatamwamini tena afande, na pengine hatamwamini mwalimu pia.

La mwisho, mtu awe yuleyule. Wiki hii huyu, wiki ijayo mwingine, watoto hawafunguki. Vituo huhamisha watu, hilo halizuiliki, kwa hiyo mwombe mkuu wa shule aeleze mapema nani atashika nafasi na watakaa pamoja vipindi vingapi kabla wa kwanza hajaondoka. Majibu yote haya yaombe kwa maandishi, kabla ya kurudisha fomu.