Kipimo Kwanza, Picha Baadaye: Kurekebisha Teksicha za Majengo katika Second Life

Katika Second Life, ulimwengu wa mtandaoni ambao kampuni ya Linden Lab ya San Francisco iliufungua mwaka 2003, kusimamisha ukuta ni kazi ya dakika chache. Unatoa mchemraba, unauvuta mpaka ufikie urefu unaoutaka, na ukuta umesimama, ukiwa bado umevaa ile picha ya mbao ambayo kila umbo jipya hutoka nayo. Kazi yenyewe huanzia hapo. Mimi hupenda kujenga nyumba za mawe za mwambao, zenye kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa, dari za boriti na milango ya nakshi. Naamini kwamba nyumba inayomfanya mgeni asimame kuitazama haitofautiani na ile anayoipita kwa wingi wa maumbo yaliyotumika, bali kwa namna teksicha zake, yaani picha zinazobandikwa juu ya nyuso za maumbo hayo, zilivyopimwa.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, jiulize swali moja: picha hii inafunika mita ngapi? Ukipiga picha ya ukuta wa mawe wenye upana wa mita 2, picha hiyo ni ya mita 2 popote utakapoibandika, na usipoiheshimu, mawe yatageuka kuwa makubwa kuliko kichwa cha avata, yaani umbo la mtu linalomwakilisha mtumiaji, au madogo kama kokoto. Nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu husaidia sana katika jambo hili kwa sababu vipimo vyake vina chanzo kinachoeleweka. Vyumba vyake ni vyembamba, kiasi cha mita 3 au pungufu, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi, na kuta huwa na unene wa karibu nusu mita. Anayejua vipimo hivyo hana haja ya kukisia ukubwa wa teksicha.

Tuchukue ukuta wenye urefu wa mita 6, kimo cha mita 3 na unene wa mita 0.5. Mchemraba una nyuso sita, na mfumo huitandaza picha nzima mara moja juu ya kila uso bila kujali ukubwa wa uso huo, ndiyo maana mawe ya upande wa mbele huonekana yamevutwa na yale ya upande wa unene yamebanwa. Fungua dirisha la kuhariri, teua uso mmoja mmoja badala ya umbo zima, kisha gawanya kipimo cha uso kwa kipimo cha picha. Kwa picha ya mita 2, uso wa mbele unahitaji marudio 3 kwa upana na 1.5 kwa kimo, yaani picha ijirudie mara hizo. Uso wa unene unahitaji 0.25 kwa upana na 1.5 kwa kimo. Na uso wa juu unahitaji 3 kwa 0.25. Hesabu hiyo ikikamilika, jiwe lina ukubwa uleule kila upande, na jicho linaanza kuuamini ukuta.

Hata hivyo bado kuna pembe, na pembe ndizo zinazofichua kazi iliyoharakishwa. Fundi cherehani anayeshona kitambaa cha maua hupanga mshono ili ua lisikatike katikati, na mjenzi anapaswa kufanya vivyo hivyo pale nyuso mbili zinapokutana. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba unapobadilisha idadi ya marudio, picha hutanuka au kusinyaa kuanzia katikati ya uso, wala si kuanzia ukingoni. Kwa hiyo mstari wa mawe unaoanzia vizuri upande mmoja huanzia mahali pasipotarajiwa upande mwingine. Dawa yake ni kisanduku cha msogeo, kinachoisogeza picha juu ya uso, na kanuni ninayoitumia ni hii: toa 1 katika idadi ya marudio, kisha gawanya kwa 2. Jibu ndilo msogeo unaoifanya picha ianzie hasa kwenye ukingo wa kushoto wa uso. Kwa uso wetu wa unene wenye marudio 0.25, jibu ni hasi 0.375. Uso wa mbele wenye marudio 3 unapata 1, na msogeo wa 1 ni sawa na kutosogeza kabisa. Ukiingiza tarakimu hizo, jiwe lililokatika kwenye pembe ya mbele litaendelea upande wa unene kana kwamba limechongwa hapo.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwa kimo, na hapo faida yake ni kubwa zaidi. Ukuta wa mita 3 ukisimama karibu na ukuta wa baraza wenye mita 1, msogeo wa wima wa 0.25 kwa ule mrefu na hasi 0.25 kwa ule mfupi utaifanya mistari ya mawe ya kuta zote mbili ianzie sakafuni. Ninaomba tu ukumbuke kwamba hesabu hii ni ya teksicha za kawaida. Nyenzo za mtindo wa glTF, yaani aina mpya ya teksicha zinazobeba pia mng'ao na ukwaru wa uso, zilizoingia mwaka 2023, zina namna yake ya kupima, wala usizichanganye.

Kwa nyuso zilizoinama au zilizochongwa mshazari, badilisha namna ya kubandika iwe ya bapa, yaani isiyoivuta picha ifuate umbo la uso, kisha upime upya.

Ukuta uliopimwa vizuri unaweza bado kuchosha macho ikiwa picha yenyewe ina alama inayojitokeza, kwa mfano doa jeusi la ukungu kwenye chokaa, kwa kuwa doa hilo litarudi kila mita 2 na mgeni ataanza kuyahesabu. Ondoa alama za namna hiyo kabla ya kupakia picha. Piga picha zako siku ya mawingu au kivulini, ili vivuli vya jua la mchana visigande ndani ya teksicha na kupingana na jua la ulimwengu huo. Halafu ifanye chokaa yako iwe nyeupe kidogo kuliko unavyoihitaji, kwa sababu rangi unayoiongeza juu ya teksicha inaweza kuitia giza lakini haiwezi kuing'arisha. Kwa picha moja tu ya chokaa nyeupe, nyumba nzima inaweza kupata vyumba vya rangi ya maziwa, ya udongo na ya kijivu bila kumwongezea mgeni mzigo wowote.

Mzigo huo ni jambo la adabu kwa wageni wetu, ambao wengi huingia kwa kompyuta za kawaida na intaneti ya kupimiwa. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 huchukua takribani megabaiti 3 za kumbukumbu baada ya kufunguliwa, na 4 ikiwa na uwazi, yaani sehemu zisizoonekana. Ya 512 kwa 512 huchukua robo ya hapo. Sioni sababu ya kitasa cha mlango kupewa picha ya 1024. Mlango wa nakshi wenyewe unastahili picha kubwa, kwa kuwa mgeni huukaribia na kuutazama, na hata kama mlango wako halisi hauna uwiano wa 1 kwa 2, ubane tu ndani ya picha ya 512 kwa 1024: uso wa mlango utaurudishia umbo lake.

Paa la makuti linahitaji uangalifu wa pekee. Ncha za makuti zinazoning'inia hudai picha yenye sehemu zisizoonekana, na nyuso mbili za namna hiyo zikipishana, programu hukosea ipi iko mbele na paa huanza kucheza kila avata anapogeuka. Tumia teksicha isiyo na uwazi wowote kwa sehemu kubwa ya paa, halafu weka ukanda mwembamba wa ncha ukingoni, ukichagua hali ya uwazi inayokata pikseli moja kwa moja badala ya ile inayozichanganya na kilicho nyuma yake.

Majaribio haya yote yafanye kwa teksicha za ndani, zinazosomwa kutoka kwenye kompyuta yako na kubadilika kila unapohifadhi faili. Wewe peke yako ndiye utakayeziona, kwa hiyo usimkaribishe mtu kabla hujapakia picha za mwisho, kwani yeye ataona kuta za kijivu tupu. Picha ya kawaida hugharimu dola 10 za Linden, sarafu ya ulimwengu huo, kuipakia, nayo ikishapanda, vipimo ulivyoandika havibadiliki: ibandike pale palipokuwa na ile ya ndani, kisha zungusha kamera kwenye kila pembe, kwanza kwa mwanga wa adhuhuri, halafu kwa mwanga wa machweo.