Shairi lisilo na vina ni shairi kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, mimi na rafiki yangu tunabishana kila siku. Yeye anasema haya mashairi ya kisasa ni maneno ya kawaida tu yamekatwakatwa, na kwamba tumeyaiga kwa Wazungu. Ni kweli? Na nitajuaje kama shairi huru ni zuri? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marhaba mwanangu. Ubishi wenu ni mkongwe, wazazi wenu hawajaoana bado wazee walishagombana nao. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi katika mstari) vikawa ndo kipimo, na ukumbuke shairi la zamani lilikuwa la kughanwa, sikio linasubiri kina kama mcheza ngoma anavyosubiri kishindo. Alafu 1974 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyesoma pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoa diwani yake ya mashairi, Kichomi. Hana vina, hana mizani, lugha ni ya mazungumzo kabisa. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, wakawaka, wakasema hilo sio shairi, washairi wenzake Kezilahabi kina Mulokozi na Kahigi wakasema vina na mizani sio uti wa mgongo wa ushairi, na malumbano yakaendelea miaka na miaka.

Hilo la Wazungu lina ukweli kidogo, maana vijana wale walisoma sana ushairi wa Kiingereza chuoni. Lakini Hamziya, shairi letu la zamani la Kiswahili, nayo ni tafsiri ya shairi la Kiarabu la al-Busiri, mbona hatuikatai? Na nyimbo zetu za kulima na za kubembeleza watoto, nyingi hazihesabu mizani hata moja, kwa hiyo huo uhuru tulikuwa nao nyumbani siku zote.

Sasa tazama hapa, nimetunga mwenyewe:

Nimekuja kwako dada, nipe maji nina kiu

Hesabu, nane na nane, mizani imetimia. Lakini mshororo wenyewe unasema nini? Mtu ana kiu, basi. Sasa soma hili:

Kiu.
Mtungi umepasuka
na wewe dada
unatazama pembeni.

Hakuna kina, ila neno moja limekaa peke yake juu na mtungi umeshatuambia kuna ugomvi humo ndani. Ndo kazi ya shairi huru: kila mstari ukatwe kwa sababu, picha ibebe kile ambacho kina kingebeba. Mwambie rafiki yako achukue shairi huru, aliandike upya kama aya ya kawaida, kama halijapoteza kitu basi yuko sahihi, hayo yalikuwa maneno yamekatwakatwa, na yapo mengi sana siku hizi inaniuma kuyasoma.

Ila na wewe usimdharau mwenye vina. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya karatasi yake ya siasa, Kenya Twendapi?, akatunga gerezani tungo za Sauti ya Dhiki zilizotoka 1973, vina na mizani vimo, na siasa yake ni ya leo kabisa. Kwangu mimi huyo ni wa kisasa sawasawa na Kezilahabi. Mtafute na Alamin Mazrui, diwani yake Chembe cha Moyo, ya 1988, alafu mgombane tena mkiwa na vitabu vyote vitatu mezani.