Makauboi wazee bado wapo kazini au wamebaki kwenye muvi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi na mdogo wangu tunabishana kuhusu makauboi wa Marekani, yeye anasema waliisha zamani na waliobaki ni wa muvi na mashindano ya rodeo tu, mimi nasema wapo wanaochunga kweli tena wengine wazee kabisa. Nani yuko sahihi? Na mzee wa miaka 70 juu ya farasi anafanya nini siku hizi wakati magari yapo?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Wewe ndo uko sahihi, ila mdogo wako namuelewa, maana kilichokwisha kweli ni zile safari ndefu za kuswaga ng'ombe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865 Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wa bei ya chini na huko kaskazini nyama inatafutwa, basi kuanzia 1867 wakawa wanaswagwa hadi Abilene, Kansas, kupakiwa kwenye treni. Ilidumu kama miaka 20 hivi tu, seng'enge zikafunga mbuga, reli ikasogea, halafu baridi ya 1886 kuingia 1887 ikaua mifugo vibaya sana. Muvi nyingi zimeng'ang'ania miaka hiyo, na zikayaficha makundi mawili muhimu ya watu: wachungaji wa Mexico, wale vaquero, ambao ndo waliofundisha kazi ya kamba na tandiko, na watu weusi kama Bose Ikard, aliyezaliwa mtumwa, ambaye tajiri wake Charles Goodnight alimuamini mpaka kumbebesha pesa za mauzo safarini. Hilo huwa linaniuma.

Kazi ya ranchi yenyewe haijawahi kusimama. King Ranch ya Texas ilianza 1853 na leo ina kama ekari 825,000, na kuna familia zenye asili ya Mexico zimefanya kazi pale kizazi baada ya kizazi. Sehemu kama hizo, na milima ya Nevada na Oregon, kuna vichaka, makorongo na mawe ambako gari haliingii, farasi anapita tu.

Sasa huyo mzee. Mtafute msimu wa kupiga chapa, majira ya kuchipua. Ndama na mama zao wamekusanywa, moto unawaka pembeni, yeye anaingia katikati ya kundi farasi akitembea pole pole, hakuna kelele, hakuna kukimbizana. Anatupa kitanzi chini kikasimama mbele ya miguu ya nyuma ya ndama, ndama anapiga hatua anaingia mwenyewe, mzee anainua kamba, anaizungusha kwenye pembe ya tandiko, kile kishikio cha mbele, anamburuta taratibu mpaka kwenye moto. Vijana walio chini wanamshika: chapa, chanjo, kuhasi kama ni dume, halafu anaachiwa anarudi kwa mama yake. Hapo kwenye kuzungusha kamba ndo pa hatari, dole gumba likibaki katikati ya kamba na pembe wakati ndama anavuta, linakatika, ndo maana wapo wazee wa kazi hii wasio na dole gumba. Kijana mwenye nguvu akiingia mle kwa fujo kundi lote linachafuka, ng'ombe wanapoteza uzito, ndama wanapotezana na mama zao, kwahiyo utulivu wa yule mzee ni hela ya mwenye ranchi kabisa.

Adabu zao nazo wanazishika kweli kweli. Humpiti bosi mbele ukiwa umepanda farasi, hupandi farasi aliyepangiwa mwenzako, hufungui kamba yako kwenye tandiko kabla hujaambiwa, na kamwe usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi, hiyo ni sawa na kumuuliza ana shilingi ngapi benki. Majirani wanasaidiana kupiga chapa bila kulipana, leo kwako kesho kwangu, wakimaliza wanakula pamoja.

Halafu kuna farasi wenyewe. Wale wa Nevada na Oregon hawamuwekei farasi mchanga chuma mdomoni, wanaanza na mkanda wa ngozi mbichi iliyosukwa unaozunguka pua, baadaye anavaa vyote viwili, mwisho kabisa ndo lijamu ya chuma peke yake, na safari hiyo inachukua miaka. Nadhani hapa ndo mzee hana mbadala, maana lazima awepo mtu aliyewahi kumfikisha farasi mwisho wa mafunzo hayo.

Na ni washairi pia! Tangu 1985 wanakutana Elko, Nevada, wakati wa baridi ambapo kazi zimepungua, mtu anasimama anaghani shairi refu la kazi yake bila karatasi.

Ila usimwambie mdogo wako kwamba maisha yao ni raha. Wengi wao ni waajiriwa tu, mshahara wa mwezi si mkubwa, ranchi nyingi zinaongezea nyumba na nyama, na ardhi waliyoichunga maisha yote si yao. Magoti na mgongo vimeshaumizwa na farasi waliowaangusha. Akishindwa kupanda, labda atabaki kupika, kukagua maji na seng'enge, au kufundisha vijana, lakini kazi ikiisha kabisa na nyumba nayo anairudisha, na hilo ndo wengi wao wanaliogopa kuliko farasi yeyote mkorofi.