Mama anapewa maksi, za nini?

SWALI: Mama alipata kiharusi, sasa mtu wa fizio (mazoezi ya viungo) kila akija anauliza kama anavaa mwenyewe, anaenda choo, anapanda ngazi, anaandika maksi basi. Inasaidia kweli?

JIBU: Inasaidia sana ndugu yangu. Hicho nadhani ni kipimo cha Barthel, shughuli 10 za kila siku, maksi 0 mpaka 100, na kinaangalia anachofanya kweli sio anachoweza akijikaza siku moja. Ila mama mwenyewe aulizwe anataka nini, maana "atembee vizuri" sio lengo, lengo ni kama "ndani ya wiki 4 aende choo na fimbo bila kushikwa", hapo mtajua mmefika au bado. Na tafadhali msimvalishe harakaharaka, mwacheni ahangaike kidogo na vifungo vyake.