Herufi mbili hazitoshi kujua umri wa draya

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Columbus, Ohio, nakusanya mashine za zamani za nyumbani. Nimepata draya (mashine ya kukausha nguo) ya kampuni ya GE, namba yake ya mfululizo inaanza na RG. Programu ya simu inasema ni ya Agosti 1980, na plagi ina meno matatu ya kizamani. Muuzaji anataka dola 300, hashuki. Ni ya 1980 kweli? Mwishowe nataka niipeleke Mombasa.

JIBU: Wiki haipiti sijaulizwa hili, na karibu kila mara natumiwa picha ya hizo herufi mbili tu, kibandiko kilichobaki kimekatwa.

R ni Agosti, hapo sina ugomvi. Mtego uko kwenye G. GE huzungusha herufi za mwaka, na kila baada ya miaka 12 ileile inarudi. Kwa hiyo G ni 1980, ni 1992, ni 2004, ni 2016. Hizi programu hukupa mwaka mmoja bila hata kuguna, na muuzaji naye huchukua ule wa bei nzuri. Plagi ndiyo kabisa usiiguse kama ushahidi. Marekani waya wa draya kwa kawaida hununuliwa kando, kulingana na soketi iliyopo ukutani. Kanuni za umeme zilianza kudai meno manne kwa nyaya mpya za draya mwaka 1996, lakini nyumba za kabla ya hapo bado zina soketi za matatu, na draya ya mwaka jana hufungwa humo bila shida. Meno yale yanakwambia umri wa nyumba.

Chomoa umeme, fungua paneli ya vitufe, utafute karatasi ya mchoro wa nyaya. Mara nyingi imekunjwa humo humo, imejaa vumbi la nguo. Ikiwa imeorodhesha hataza (hati za haki ya uvumbuzi), tazama namba. Hataza ya Marekani namba 5,000,000 ilitolewa Machi 1991, basi ukikuta iliyozidi hapo, habari ya 1980 imekwisha. Kibandiko kikiwa na anwani ya tovuti, hata bisibisi usishike: si ya 1980. Kisha soma mihuri ya tarehe kwenye taima na mota. Kifaa kimoja huenda kilibadilishwa. Viwili vitatu vikikubaliana kuwa ni 1980, lipa.

Mombasa sasa. Kibandiko kimeandikwa volti 120/240, na watu huiona 240 wakashangilia: "si ndiyo umeme wetu!" Nusu tu. Hita ndiyo inayokula 240, kutoka laivu mbili (nyaya zenye umeme). Mota na taima vinakula 120, kati ya laivu moja na nyutro (waya wa kurudisha umeme). Soketi ya kwetu ina laivu moja, na hiyo 120 haimo. Fundi wa "lete tu nitaunganisha" huipa mota 240 nzima. Nimefungua mota za namna hiyo, koili nyeusi kama mkaa, na mwenyewe anaapa ilizunguka vizuri dakika ya kwanza. Transfoma itashusha volti, lakini haigeuzi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde): mota ya Marekani ya hezi 60 kwenye 50 za kwetu huzunguka polepole na kupata moto. Kabla hujalipia kontena, muulize huyo fundi wako 120 ataitoa wapi.