Maswali Yenu: Kaisari Manuel II wa Konstantinopoli

Ni kweli kaisari wa Bizanti aliwahi kufika Uingereza kuomba msaada?

Kweli kabisa. Ni Manuel II Palaiologos, kaisari wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki. Bayezid, sultani wa Waturuki wa Osmani, alikuwa ameuzingira mji wake mkuu, Konstantinopoli, tangu 1394, na jeshi la Wakristo wa magharibi lililokwenda kupigana na Bayezid lilikuwa limepigwa vibaya huko Nicopolis, kando ya mto Danube, mwaka 1396. Desemba 1399 Manuel akapanda merikebu, mji akamwachia Yohane VII, mtoto wa kaka yake. Hawa wawili walikuwa wakigombea kiti hicho hicho, kwa hiyo hebu fikiria shida ilivyokuwa imebana! Akapita Venice, akapokewa Paris, na Krismasi ya 1400 akaila na Mfalme Henry IV kwenye jumba la Eltham, karibu na London. Adam wa Usk, mwandishi wa tarehe wa zama hizo, anasema msafara wote ulivaa kanzu ndefu nyeupe za namna moja, na kwamba wageni hao hawakupendezwa na mitindo mingi ya mavazi ya Waingereza. Mwombaji, lakini macho yake makali.

Walimsaidia?

Fedha kidogo na ahadi nyingi. Aliyeuokoa mji ni Timur, mtawala wa Asia ya Kati, aliyemshinda na kumteka Bayezid karibu na Ankara tarehe 28 Julai 1402. Manuel mwenyewe alikuwa bado Ufaransa.

Nimesoma kwamba aliwahi kupigana upande wa Waturuki. Inawezekanaje?

Baba yake, Yohane V, alikuwa akimlipa sultani kodi na kumpa askari. Manuel akawekwa kwa Bayezid kama rehani, na 1390 akalazimishwa kwenda kuuteka Philadelphia, mji wa mwisho wa Wabizanti ndani ya Anatolia. Yaani alisaidia kuangusha mji wa watu wake. Baba alipofariki mwaka 1391, akatoroka usiku kutoka Bursa, mji wa sultani, akawahi kiti.

Ndiye aliyenukuliwa na Papa mwaka 2006?

Ndiye. Maneno ya kumlaumu Mtume Muhammad aliyoyasoma Papa Benedikto XVI huko Regensburg, Ujerumani, yakawaudhi Waislamu wengi, yanatoka kwenye kitabu cha Manuel cha mjadala na mwanachuoni wa Kiislamu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa Ankara, Manuel akiwa tena katika jeshi la Bayezid. Wanaonukuu hulisahau hilo.

Alikufaje?

Kiharusi kilimpata 1422, mwaka ambao Sultani Murad II, mjukuu wa Bayezid, aliuzingira mji. Alifariki Julai 1425, akiwa mtawa kwa jina la Mathayo.